Inchi 21 za Doldol

Kati ya Land Rover fupi na Land Rover ndefu za zamani kuna tofauti ya inchi 21, sentimita 53 hivi. Ukiziwekea mkono, hazifiki hata urefu wa mbuzi. Lakini kule Doldol, zaidi ya kilomita 50 kaskazini ya Nanyuki, inchi hizo zinaweza kuamua kama mgonjwa atapelekwa hospitali akiwa amelala au amekunjwa kama blanketi.

Tuelewane kwanza. Urefu ninaousema si wa gari zima, bampa hadi bampa. Ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Mafundi wa jua kali hawahangaiki na jina refu. Kwao gari ni shoti au ni longi, basi. Na mtu akinunua gari kuukuu la kupanda milima, akitaka kulifufua, swali la kwanza si injini wala rangi. Swali ni: shoti au longi?

Wengi hudhani vipimo hivi vilitoka kwa wataalamu waliokaa wakapiga hesabu. Wapi! Land Rover ya kwanza, iliyoonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ilikuwa na inchi 80 kati ya magurudumu. Jeep ya vita ya Wamarekani nayo ilikuwa na inchi 80. Si ajabu, kwa sababu gari la majaribio lililotangulia Land Rover lilijengwa juu ya chasisi ya Jeep. Kipimo kilirithiwa tu, kama mtu anayevaa koti la kaka yake.

Halafu mahitaji yakaanza kusema. Mwaka 1954 zikaja inchi 86 kwa fupi na 107 kwa ndefu, kwa sababu wenye magari walilia kuhusu nafasi ya mzigo. Mwaka 1956 zikaongezwa inchi mbili kila upande wa familia: 88 na 109. Mbili hizo hazikumpa abiria kitu. Ziliwekwa mbele ili injini ya dizeli ipate pa kukaa. Hivyo ndivyo vipimo vilivyozunguka Kenya hadi miaka ya 1980, na ndivyo utakavyokutana navyo leo gari likiwa limeegeshwa nyuma ya nyumba ya mtu, kuku wametaga ndani.

Sasa tuje Laikipia. Mkataba wa 1911 uliwaondoa Wamaasai kwenye nyanda hizi na kuwapeleka kusini, na malisho yao yakawa mashamba makubwa ya walowezi. Upande wa Mukogodo, kwenye mawe na ukavu, ndiko wenyeji walikoachiwa mahali, na Doldol ni soko la huko. Basi historia hiyo ya ardhi ikaingia mpaka kwenye magari. Mwenye shamba kubwa alitaka kuzunguka ua wake, kukagua visima, na kurudi kwake jioni. Yeye, mbwa wake na makopo mawili ya dawa ya ng'ombe: inchi 88 zilimtosha kabisa. Mukogodo gari ni basi, ni lori, ni bowza la maji na ni ambulensi, yote siku moja. Gari lililopimwa kwa haja ya mtu mmoja, likifika mwisho wake kwenye mnada, linanunuliwa na kijiji kizima.

Tusilionee gari fupi, lakini. Lina sifa zake. Shoti ya miaka ya 1970 iligeuka ndani ya duara la futi 38, longi ikataka futi 47. Kwenye njia nyembamba yenye jabali huku na korongo kule, futi tisa si mchezo. Tena kuna tumbo. Magurudumu yakiwa mbali, gari linapovuka tuta kali au ukingo wa laga, katikati yake hushuka na kukaa juu ya udongo, magurudumu yakabaki yanazunguka bure. Fupi hupita pale. Ndefu humlazimu dereva achonge ukingo kwa jembe kwanza, au aingie kimshazari.

Ila angalia nyuma. Sanduku la pikapu ya inchi 109 lina urefu wa takriban futi 6. La fupi halifiki futi 4. Mama anayejifungua kwa shida hawezi kulazwa ndani ya futi 4. Hata majeshi yalilijua hilo: Land Rover zao za kubeba majeruhi zilijengwa juu ya chasisi ndefu. Na kwenye barabara iliyojikunja kama mabati, ndefu hutulia zaidi, haimrushirushi aliyelala.

Hapo ndipo mwenye shoti hushawishika kumwambia fundi, "Niongezee mkia kidogo tu." Mkia ni rahisi: magurudumu yanabaki yalipo, sanduku linarefushwa kwenda nyuma. Bei nafuu, kazi siku mbili. Lakini uzito wote uliopita ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtoto mzito kwenye pembea. Nyuma inashuka, mbele inainuka, usukani unakuwa mwepesi ajabu. Ukipanda mlima na magunia kumi ya unga, magurudumu ya mbele yanagusa barabara kwa heshima tu, hayashiki. Ukitoka kwenye laga, mkia unachimba ukingo. Umepata sanduku, umepoteza gari.

Njia ya haki ni kurefusha umbali wenyewe: kukata chasisi katikati na kusogeza ekseli nyuma. Watu husema huo ni ujuakali, kumbe kiwanda chenyewe kilifanya hivyo. Land Rover ya inchi 127 ya miaka ya 1980 ilipatikana kwa kuikata chasisi ya 110 na kuunganisha inchi 17 ndani yake. Huku kwetu, karakana za Nairobi na Arusha zimekuwa zikikata Toyota Land Cruiser za pikapu na kuzirefusha ili watalii wengi zaidi wapate dirisha. Kwa hiyo kukata si dhambi. Dhambi ni kukata vibaya. Kiungo kisichomelewe kwa mstari mmoja ulionyooka kutoka juu kwenda chini, maana hapo ndipo patakapopasuka. Kikatwe kimshazari na kuvikwa vipande vya chuma pande zote, mbali na mahali springi inaposhikia. Propela irefushwe na isawazishwe, la sivyo itatetemesha giaboksi hadi ife. Mabomba ya breki yawe mapya, yasiungweungwe.

Na baada ya kazi hiyo yote, duara la kugeukia limepanuka na tumbo limesogea karibu na ardhi. Hakuna inchi ya bure.

Siku hizi utaambiwa mambo haya yamepitwa, kwamba kuna Probox na boda boda. Ni kweli kwa anayeishi kando ya barabara. Lami inapofika, hufika sokoni. Kutoka sokoni hadi bomani bado kuna mawe na laga, na mgonjwa hapandi boda boda akiwa amelala.

Ukiniuliza, kwa Doldol nunua longi, inchi 109, na uiache hivyo hivyo. Jembe la kuchonga ukingo ni rahisi kuliko chasisi ya kukatwa. Kama tayari una shoti, na ni ya kuchunga mifugo na kupeleka ujumbe, usiiguse. Lakini kama ndilo gari pekee la watu wa kwenu, fanya hivi kabla fundi hajawasha mtambo: mwombe mtu mzima, mrefu, apande nyuma, alale chali, na wewe ujaribu kufunga mlango.