Keshia Asiyeonekana: Bei Zilizokosewa Mtandaoni na Haki za Mlaji, 1939–2012

Mjadala kuhusu bei zinazokosewa na maduka ya mtandaoni huelezwa mara nyingi kana kwamba ulizaliwa pamoja na intaneti. Historia ya sheria ya mikataba inaonyesha vingine. Hoja mbili zinazoubeba mjadala huo zilikwisha kuamuliwa katika mahakama za Uingereza kabla kompyuta haijaingia dukani. Moja inahusu ufahamu: mnunuzi alijua nini alipoikubali bei? Nyingine inahusu wakati: mkataba wa mauziano hufungwa lini hasa?

Hoja ya ufahamu ndiyo iliyotangulia. Mwaka 1939, katika shauri la Hartog dhidi ya Colin & Shields, wafanyabiashara wa London walikuwa wameafikiana kuuza ngozi 30,000 za sungura kutoka Argentina. Mazungumzo yote ya awali yalihesabu bei kwa kipande, kama ilivyokuwa desturi ya biashara hiyo. Katika pendekezo la mwisho muuzaji aliandika bei kwa ratili. Kwa kuwa ratili moja ilikuwa na vipande vitatu hivi, bei ilishuka hadi karibu theluthi. Mnunuzi alikubali upesi, kisha akashtaki ngozi zilipokosa kuletwa. Mahakama iliamua kwamba mtu aliyeijua biashara ile hangeweza kuamini kuwa hilo ndilo lililokusudiwa, na kwamba hapakuwa na mkataba wa kutekelezwa.

Hoja ya wakati ilipata jibu mwaka 1953, katika shauri lililoihusu kampuni ya maduka ya dawa ya Boots. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilitamka kwamba bidhaa iliyopangwa rafuni pamoja na bei yake ni mwaliko tu kwa wateja. Mteja ndiye atoaye pendekezo la kununua anapoifikisha bidhaa kwa keshia, na mkataba hufungwa pale keshia anapokubali. Shauri lenyewe lilihusu usimamizi wa uuzaji wa dawa, wala si bei iliyokosewa. Hata hivyo kanuni hiyo ilimpa mwenye duka kinga kubwa. Lebo iliyobandikwa vibaya haikumfunga, kwa sababu kati ya lebo na mkataba alisimama binadamu aliyeweza kuitazama bei, kushtuka na kukataa.

Biashara ya mtandaoni ilimwondoa binadamu huyo. Mahali pake pakawekwa programu inayopokea agizo, kukata fedha na kutuma baruapepe ya uthibitisho, yote bila mtu yeyote kuamka usingizini. Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1999 kampuni ya Argos ya Uingereza ilitangaza katika tovuti yake televisheni ya Sony kwa £2.99 badala ya £299, ikakataa kutimiza maagizo yaliyomiminika. Miaka miwili na kitu baadaye likaja tukio lililowapa walaji ushindi wao mkubwa. Tovuti ya Kodak nchini Uingereza iliuza kamera ya dijitali pamoja na vifaa vyake kwa £100, ilhali bei iliyokusudiwa ilikuwa £329. Maelfu ya watu waliagiza, na mfumo ukawajibu kwa uthibitisho. Kampuni ilipojaribu kujitoa, wanunuzi waliwasiliana wao kwa wao, wakatishia kufungua madai mahakamani. Mwishoni mwa Januari 2002 Kodak ilikubali kuuza kwa bei iliyotangazwa.

Hali ya wanunuzi wa kamera ilitofautiana na ya yule mnunuzi wa ngozi. Punguzo la theluthi mbili baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka si jambo la kustaajabisha, na mtu aliyeagiza kamera moja kwa ajili ya familia yake angeweza kuamini kwa nia njema kwamba duka linamaliza akiba. Hata hivyo, kwa kuwa kampuni ilisalimu amri kabla ya hukumu, ushindi huo haukuacha kanuni yoyote ya kisheria. Mnunuzi mwaminifu alipata kamera, lakini hakupata uamuzi ambao mwenzake angeweza kuutegemea.

Hukumu iliyosubiriwa ilitoka Singapore, na ilitokana na wanunuzi wa aina nyingine kabisa. Tarehe 8 Januari 2003, wakati wa mafunzo ya wafanyakazi wa kampuni iliyomiliki tovuti ya Digilandmall, tarakimu 66 zilizoingizwa kwa majaribio ziliangukia katika tovuti halisi. Printa ya leza ya HP yenye bei ya dola za Singapore 3,854 ikaonekana kuuzwa kwa dola 66. Kosa lilikaa siku kadhaa bila kugunduliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 habari zilienea kwa ujumbe wa mtandaoni kutoka rafiki hadi rafiki. Kampuni ilipozinduka asubuhi, watu 784 walikuwa wameweka maagizo 1,008 ya printa 4,086, na kila agizo lilikwisha kujibiwa na mashine kwamba ununuzi umefanikiwa.

Waliokwenda mahakamani walikuwa sita tu, nao pekee walidai printa 1,606. Walikuwa marafiki, wasomi waliozoea biashara, na miongoni mwao walikuwamo wanasheria. Mazungumzo yao ya usiku ule yaliletwa mahakamani kama ushahidi, pamoja na kumbukumbu za jinsi walivyotafuta bei halisi mtandaoni kabla ya kuongeza maagizo. Mwaka 2004 Jaji V. K. Rajah wa Mahakama Kuu aliona kwamba uthibitisho wa mashine uliweza kuifunga kampuni. Ila, kwa kuwa wadai walijua kwamba bei ile ni kosa, mikataba yao ilikuwa batili. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani iliukubali uamuzi huo. Iliongeza kwamba hata pale mnunuzi asipojua kwa hakika, bali alipaswa kujua, mahakama inaweza kuutengua mkataba kwa misingi ya usawa ikiwa mwenendo wake unakirihisha dhamiri.

Ni vigumu kuwaonea huruma wadai wale. Hata hivyo hesabu ya tukio lenyewe inadai tahadhari. Yakiondolewa maagizo ya hao sita, watu 778 waliobaki waliagiza printa 2,480, yaani takribani tatu kwa kila mtu. Miongoni mwao huenda walikuwamo walioagiza moja, wasiojua printa ya leza ya rangi huuzwa kwa kiasi gani. Kuhusu hao mahakama haikuulizwa. Kanuni ya jumla ya dunia ya biashara ya mtandaoni ikajengwa juu ya tabia ya watu waliokuwa wakihesabu faida saa nane za usiku.

Wakati mashauri hayo yakiendelea, wauzaji hawakungoja majaji. Machi 2003 tovuti ya Amazon ya Uingereza ilionyesha kompyuta ya mkononi ya iPAQ kwa £7.32. Kampuni ilifuta maagizo, ikitegemea kifungu cha masharti yake kilichosema kwamba baruapepe ya kwanza ni taarifa tu ya kupokelewa kwa agizo, na kwamba mkataba hufungwa baruapepe ya kusafirisha mzigo inapotumwa. Vifungu vya aina hiyo vilienea. Kwa mstari mmoja wa maandishi ambayo wateja wengi hawayasomi, muuzaji alimrudisha yule keshia wa mwaka 1953, safari hii akiwa ghalani na akiwa na siku kadhaa za kutafakari. Swali la nia njema ya mnunuzi halikuhitaji tena kujibiwa, kwa kuwa mkataba wenyewe haukuwa umezaliwa.

Watunga sheria waliiona nafasi hiyo wakaiacha wazi. Pendekezo la mwaka 1998 la sheria ya biashara ya kielektroniki ya Umoja wa Ulaya lilikusudia kutaja wakati mkataba wa mtandaoni unapofungwa. Katika maandiko yaliyopitishwa mwaka 2000 sehemu hiyo haikuwamo tena. Muuzaji alitakiwa tu kuthibitisha kupokea agizo bila kuchelewa na kumpa mteja njia ya kusahihisha makosa kabla ya kuagiza. Wazo la usahihishaji lilifika hadi Afrika Mashariki. Sheria ya Kenya ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ampe mlaji fursa ya wazi ya kukubali au kukataa mkataba na kurekebisha makosa kabla haujafungwa. Kosa linalozungumzwa hapo ni la kidole cha mnunuzi. Kuhusu kosa la muuzaji, mahakama za Kenya, ambazo sheria yao ya mikataba imejengwa juu ya ile ya Uingereza, zingelazimika kurejea kwenye ngozi za sungura za mwaka 1939.