Mchinga: Kiunga Kimya na Jina Lake

Magazeti ya Dar es Salaam huliandika neno wamachinga kwa herufi ndogo. Siku hizi ni jina la kazi, kama wavuvi, wapagazi au makuli: yeyote atembezaye bidhaa mkononi, begani au kwenye toroli, awe Mpare, Msukuma au Mngoni, ni mmachinga. Herufi kubwa ilipotea njiani, mahali fulani kati ya Lindi na Kariakoo. Kwani jina lenyewe lilikuwa la watu, Wamachinga wa pwani ya Kilwa na Lindi, majirani wa Wamwera. Na masikioni mwa watu wa pwani hiyo, jina lao na jina la Mchinga ni ndugu. Wako wanaodai kuwa neno ni la Kiingereza kilichopindwa, maneno mawili yenye maana ya vijana watembeao kwa kwata. Hadithi hiyo ina ladha ya mjini na yachekesha, lakini aiaminiye yaelekea hajapata kuteremka basi penye ghuba ya Mchinga.

Ateremkaye hapo, kama kilomita 30 kaskazini ya mji wa Lindi, kwanza hupokewa na ukimya. Mlio wa basi ukishapotea nyuma ya mikorosho, husikika upepo katika minazi, na mbali kidogo, shoka la mtu anayechonga mtumbwi. Kuna Mchinga Moja na Mchinga Mbili, na saa ya vijiji vyote viwili ni bahari. Maji ya bamvua yakitoka, wanawake hushuka mwambani na vyuma vyao kuchokoa pweza. Maji mafu yakiingia, wavuvi hukaa kivulini wakishona nyavu. Adhuhuri hakuna apitaye pasipo sababu. Alasiri baraza hujaa, kete za bao huanza kugonga, na mtoto aliyetumwa sukari dukani, safari ya hatua mia moja, huchukua nusu saa, maana kila baraza ina shikamoo yake na kila mzee ana swali: “Mama yako hajambo? Babu yako karudi Kilolambwani?”

Kimya hicho basi si kukosekana kwa sauti. Ni kwamba kila sauti ina mwenyewe na mwenyewe anajulikana. Pikipiki ikipita usiku, walio ndani hujua ni ya nani na aghalabu hujua inamfuata nani. Ngoma ikilia wakati wa unyago, hata mwanamume asiyeruhusiwa kusogea hujua ni mwali wa nyumba ipi. Katika mitaa ya mjini mtu aweza kuishi miaka kumi bila kujua jina la jirani, akaita hali hiyo utulivu. Utulivu wa Mchinga una bei nyingine: hauna siri. Mgeni hasemi jina lake kabla ya kuulizwa, “Wewe mwana wa nani?” Asiye na jibu atapewa chakula na mahali pa kulala, lakini swali litabaki pale pale hadi asubuhi.

Ni rahisi kudhani kwamba pwani hiyo imekuwa kimya tangu Mungu aumbe mikoko yake. Sivyo. Katika karne ya 19 majahazi yalipita ghuba kwa ghuba toka Kilwa Kivinje hadi Mikindani, yakichukua pembe, sandarusi na, kwa aibu isiyofutika, watu. Sultani Barghash alipoipiga marufuku biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, misafara ya Kilwa iligeuka ikashika njia ya nchi kavu kuelekea kaskazini. Septemba 1888 miji ya pwani iliwafukuza mawakala wa Kampuni ya Wadachi. Mei 1890 Wadachi walirudi na mizinga, wakaitwaa Kilwa na Lindi. Mwaka 1905 ikaja Maji Maji, na ni mtu wa Lindi, Abdul Karim bin Jamaliddini, aliyeitungia vita hiyo utenzi, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Kati ya 1909 na 1913 wapagazi waliteremka toka Tendaguru kuelekea bandari ya Lindi wakiwa na mizigo ya mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, zaidi ya tani 200, ambayo Berlin waliiunganisha na kuisimamisha ndani ya makumbusho yao. Mizigo hiyo ilikwenda kwa vichwa vya watu. Pwani ya namna hiyo haikuwa kimya.

Ukimya uliingia baadaye, tena kwa mikono ya watu. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Kusini zoezi hilo lilikuwa kubwa: familia zilizokaa zimetawanyika, kila moja penye mikorosho yake, zilisogezwa kandokando ya barabara na kupangwa kwa mstari. Shule na zahanati zikawa karibu. Mikorosho ikawa mbali. Mahame yakaota magugu, miti ikapata ugonjwa wa ubwiri unga, na bei aliyolipwa mkulima ikawa haimtoshi hata kufyekea shamba. Nchi iliyovuna tani zipatazo 145,000 za korosho msimu wa 1973/74, ilivuna tani 17,000 hivi msimu wa 1986/87. Mkonge, uliowaajiri wengi katika mashamba ya Lindi, nao ulikuwa umekwisha kuangushwa na nyuzi za viwandani. Wazee waliokuwa na mikorosho hawakuwa na fedha, na vijana hawakuwa na hata mikorosho.

Vijana wakaondoka. Njia yenyewe ilikuwa adhabu: mvua za masika zikinyesha, malori yaliweza kulala siku kadhaa kwenye matope au kusubiri kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji. Aliyefika Dar es Salaam hakuwa na duka wala meza; alikuwa na miguu. Mwaka 1983 sheria ya Nguvukazi ilimhesabu mtu wa namna hiyo kuwa mzururaji, akakamatwa na kurudishwa kwao, naye akaja tena. Kisha biashara ikafunguliwa, bidhaa zikajaa madukani, na mji ukamhitaji mtu wa kuzitembeza. Kwa kuwa wengi walitoka kusini, mji uliwapa wote jina la kabila moja, na mtu wa Kigoma akalivaa bila kuuliza lilishonwa wapi. Mwaka 2010 lilikamilika Ilala jengo kubwa lililobandikwa jina hilo. Oktoba 2021 wenye jina hilo waliondolewa kandokando ya barabara za jiji.

Kelele za Mtaa wa Kongo na ukimya wa Mchinga, kwa hiyo, ni pande mbili za mkeka mmoja. Wanaokaa barazani alasiri wengi ni wazee, kina mama na watoto. Nyumba za mabati mapya zipo, zimejengwa kwa fedha ya mbali, na baadhi yake milango haifunguliwi ila Idi au msiba. Mgeni husifu hewa nzuri na usingizi mzuri. Husifu, bila kujua, nafasi walizoziacha wenyewe.

Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kipande kwa kipande, ingawa Mei 2024 mafuriko yaliyofuatana na kimbunga Hidaya yaliikata barabara huko Somanga, kusini ikawa tena kisiwa kwa siku kadhaa. Mwaka 2019 eneo la Mchinga liliingizwa katika Manispaa ya Lindi. Kwa hesabu za serikali, basi, limekuwa kiunga cha mji, na mabadiliko hayo si ya karatasi tu. Kijijini ardhi huamuliwa na halmashauri ya kijiji na mkutano wake, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ushahidi mkubwa ni mnazi uliopandwa na babu. Mji ufikapo huja na kamba ya mpimaji, kiwanja chenye namba na hati, na mnazi huanza kuhitaji wakili. Likong'o, katikati ya Mchinga na mji, wakazi wamekwisha kulipwa fidia wapishe mtambo wa gesi asilia, ambao mkataba wake wa awali ulitiwa sahihi Juni 2022. Huenda mtambo ukawarudisha vijana nyumbani. Huenda pia ukaleta wa kwingine, wenye vyeti, na wa Mchinga wakaonekana getini wakiwatembezea mayai ya kuchemsha.

Kwa sasa basi la Dar es Salaam likikaribia ghuba, kondakta huita, “Mchinga! Mchinga wa kushuka!” Abiria wageni huchungulia madirishani, wakitafuta wauza korosho. Huteremka bibi mmoja na kapu lake, na mvulana anayemngoja chini ya mwembe hukimbia kumpokea.