Damu Isiyoonekana: Biopsi ya Ini na Historia ya Upigaji Picha Jijini Dar es Salaam

Historia ya tiba jijini Dar es Salaam husimuliwa zaidi kwa majengo. Ocean Road ilifunguliwa mwaka 1897 kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Mwaka 1956 ikafunguliwa Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na jina la Sewahaji lingali kwenye mojawapo ya majengo yake ya wodi. Makala haya yanafuata uzi mwingine: uwezo wa tabibu kuiona damu inayovujia tumboni.

Sindano ilitangulia picha. Paul Ehrlich alichoma ini mwaka 1883, miaka 12 kabla ya Röntgen kugundua eksirei. Mwaka 1958 Menghini alieleza sindano inayokaa ndani ya ini kwa takriban sekunde moja, na biopsi ikaenea duniani. Hata hivyo, mchomaji aliongozwa na kugonga kifua kwa vidole, na baada yake ulinzi wote ulikuwa wa muuguzi: mapigo ya moyo, shinikizo la damu, maumivu ya bega la kulia. Dalili hizo huchelewa. Kijana aweza kupoteza damu nyingi kabla shinikizo halijashuka. Nchini Italia, mapitio ya biopsi zaidi ya 68,000 yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionesha kwamba takriban matatizo 6 kati ya 10 hujitokeza ndani ya saa 2.

Ultrasaundi iliziba sehemu ya pengo hilo. Huonesha majimaji kandokando ya ini, ingawa bonge bichi la damu laweza kufanana na ini lenyewe. Sitiskani yenye dawa ya mshipani huenda mbali zaidi: dawa ikionekana kumwagika nje ya ateri, chanzo kimejulikana.

Lakini kuona si kuzuia. Kwa muda mrefu jibu la damu isiyokoma lilikuwa kuongezewa damu na upasuaji. Mwaka 2018 Muhimbili, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, ilianza mafunzo ya tiba radiolojia, ambamo mrija mwembamba hupitishwa ndani ya ateri hadi panapovuja, pakazibwa. Kwa maoni yangu, tukio hilo lina uzito kuliko ujio wa mashine yoyote.

Linabaki tatizo la damu inayovujia kwenye njia ya nyongo. Hii huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, kwa maumivu, macho ya manjano na choo cheusi. Mchuuzi wa Kariakoo aliyekwisha kurudi kwenye meza yake ataanzia duka la dawa, na asipoulizwa kuhusu sindano ya ini, atapewa dawa za vidonda vya tumbo.