Kidaka, Kasha na Kabati: Sura Moja ya Historia ya Nyumba katika Pwani ya Cabo Delgado

Historia ya pwani yetu imeandikwa mara nyingi kwa kufuata ngome, majahazi na majina ya watawala. Ni nadra kuandikwa kwa kufuata mlango wa kabati la jikoni au kidaka cha bafuni. Hata hivyo, mahali watu wanapoweka vyombo vyao ndipo panapoonyesha jinsi walivyoishi, walichokipata kwa biashara, na walichoogopa kukipoteza. Katika makala haya tunakusudia kuitazama sura hiyo ya historia katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mlango wa mto Ruvuma hadi kisiwa cha Ibo. Huko ndiko waliko Wamakwe na Wamwani, ndugu zetu wa karibu kwa lugha. Dai letu ni kwamba katika pwani hii kabati halikuwa kitu cha kununuliwa yakaisha. Lilikuwa kitu cha kutengenezwa tena na tena na wenye nyumba, na elimu ya kazi hiyo imehifadhiwa katika msamiati kuliko katika vitabu.

Tuanze na ukuta. Katika nyumba za mawe za Waswahili, kabati la kwanza lilikuwa ukuta wenyewe. Mwashi aliacha uwazi ndani ya ukuta, akaupiga lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa, kikawa kidaka. Watu wa Lamu, ambao nyumba zao za karne ya 18 zimesifiwa sana kwa kazi hiyo, huviita zidaka. Bafuni palikuwa na birika la maji, na kando yake kidaka cha taa na vyombo vya kuogea. Katika nyumba za miti na udongo, ambazo ndizo za watu wengi, ukuta wa kiambaza haukuweza kuchimbwa hivyo. Huko kazi ya kabati ilifanywa na uchaga juu ya meko, kichanja cha vyombo uani, na susu iliyoning'inizwa ili chakula kiepukane na panya na sisimizi. Vyote hivi vilitengenezwa na watu wa nyumba wenyewe, kwa miti, kamba na ukindu, na kilichooza kilibadilishwa bila ya kumwita fundi.

Kisha likaja kasha. Biashara ya Bahari ya Hindi ilileta masanduku ya mbao ngumu kutoka Bara Hindi, yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, mengine yakiwa na watoto wa meza chini yake. Humo wanawake waliweka nguo, vito na hati zao. Wareno, ambao katika miaka ya 1520 walivishambulia visiwa vya Kerimba, waliacha alama katika majina ya vitu hivyo. Kasha ni neno lenye asili ya Kireno, na vivyo hivyo meza, bweta na parafujo. Neno la Kireno la kabati, armário, lilivuka bahari hadi Bara Hindi, likawa almari katika vinywa vya Wahindi. Kabati letu lakini lilipita mlango mwingine, kwani tumelipata kwa Waingereza. Basi mwanafunzi wa Palma, ambaye shuleni husoma kwa Kireno, na mwenzake wa Mtwara, ng'ambo ya Ruvuma, hukitaja kitu kimoja kwa majina mawili yaliyoletwa na tawala mbili.

Ibo ndiyo iliyokuwa mji mkuu wa pwani hii kwa muda mrefu. Ngome yake ya São João Baptista ilijengwa mwaka 1791, na Kampuni ya Nyasa, iliyopewa mamlaka mwaka 1891 na kutawala hadi 1929, iliweka makao yake hapo kabla ya kuyahamishia Porto Amélia, mji ambao leo huitwa Pemba. Matajiri wa Ibo walijenga nyumba za mawe zenye baraza na nguzo, na kabati lenye milango likawa alama ya heshima. Mbao hazikuwa mbali. Msumbiji ina mninga, ambao huko huitwa umbila, na mkongo, ambao huitwa chanfuta. Hata sandarusi ilichimbwa katika ardhi ya pwani hizi. Katika karne ya 19 nyingi ya sandarusi iliyokusanywa Unguja ilipelekwa Salem, Marekani, ikafanywa vanishi ya kung'arisha magari ya farasi na samani za watu wengine.

Ni kwa sababu gani kazi ya kukarabati haikwisha? Sababu kubwa ni hewa yenyewe. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huila bawaba ya chuma hadi ikakatika. Ndiyo maana mafundi wa makasha walipenda shaba. Mvua zinazoanyesha kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili huvimbisha mbao, na mlango uliokuwa ukifunga vizuri hukwama. Fundi mwenye busara haukimbilii kwa randa siku hiyo. Husubiri kiangazi, kwani mlango uliorandwa ukiwa umelowa hubaki na mwanya ukishakauka. Bawaba ikilegea kwa kuwa tundu la parafujo limepanuka, hachukui parafujo kubwa zaidi. Huchonga kijiti cha mbao kavu, hukipigilia tunduni pamoja na gundi, kisha hutoboa upya. Mguu wa kabati la bafuni huinuliwa juu ya jiwe ili usinywe maji ya sakafuni, na mbao iliyoliwa na mchwa hukatwa hadi penye uzima kabla ya kuungwa nyingine. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katika miaka ya karibuni ufa umekuwa mkubwa kuliko kijiti. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hii, na nyumba nyingi za Ibo zikaezuliwa au kubomoka. Tayari tangu Oktoba 2017 vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia. Mji huo ulikuwa mikononi mwa waasi kuanzia Agosti 2020 hadi Agosti 2021, na Palma ilishambuliwa Machi 2021. Mamia ya maelfu ya watu waliyahama makazi yao. Anayekimbia huweza kuchukua bweta. Kabati hubaki, na kidaka hakibebeki. Waliorejea baadaye walikuta milango imeng'olewa na vyombo vimetoweka. Kulitengeneza upya kabati katika nyumba kama hiyo si pambo. Ni kusema kwamba tutakaa hapa, na kwamba kesho kutakuwa na kitu cha kuweka akiba.

Ndipo jambo hili linapotuhusu sisi walimu. Watu wanapotawanyika, fundi hutengana na mwanafunzi wake, na maneno ya kazi hukosa wa kuyasema. Neno msasa lilikuwa kwanza jina la mti ambao majani yake makavu yalisugulia mbao. Leo wanafunzi wengi hulijua kama karatasi ya dukani tu. Keekee na tezo zimo hatarini kwa namna hiyo hiyo. Twapendekeza basi kila mwalimu awapeleke wanafunzi wake kwa seremala wa mtaani, au kwa bibi anayetunza kasha la mama yake, wakaandike jina la kila sehemu, kila chombo na kila kitendo. Wenzetu walio karibu na Wamwani na Wamakwe, hasa Mtwara na katika makazi ya waliohama, waandike na maneno ya ndugu hao kando ya yetu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji daftari, subira, na adabu ya kumsikiliza fundi mpaka amalize.