Projesteroni

Projesteroni ni homoni inayoandaa kizazi kupokea mimba na kuutunza ujauzito. Mwaka 1929 George Corner na Willard Allen wa Marekani walionyesha kwamba sungura aliyeondolewa ovari anaweza kuendelea na mimba akipewa dawa iliyokamuliwa kutoka katika tezi ya manjano ya ovari. Homoni yenyewe ilitengwa ikiwa safi mwaka 1934.

Utendaji

Yai likishatoka katika ovari, kifuko lilimokuwemo hugeuka kuwa tezi hiyo ya manjano. Projesteroni inayotoka humo hunenepesha utando wa ndani ya kizazi na kutuliza misuli yake. Mimba isipotunga, tezi hunyauka baada ya wiki mbili hivi na hedhi huanza. Ikitunga, kiinitete hutoa hCG, homoni ileile inayopimwa katika mkojo, nayo huifanya tezi iendelee hadi kondo la nyuma lipokee kazi, kwa kawaida kati ya wiki ya 7 na ya 10.

Wanyama hawafanani katika jambo hili. Mbuzi wa kwenye kihamba cha Marangu huitegemea tezi ya ovari mpaka siku ya kuzaa, na projesteroni yake hushuka kabla ya uchungu. Kwa binadamu kiwango hakishuki. Kinachobadilika ni jinsi kizazi kinavyoipokea.

Kuharibika kwa mimba

Projesteroni ndogo mara nyingi ni dalili ya mimba ambayo tayari imeharibika, si chanzo chake. Utafiti wa PRISM uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2019, kwa wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa damu mapema, haukuonyesha faida ya hakika kwa wote. Waliowahi kupoteza mimba ndio walioelekea kunufaika. Damu pamoja na maumivu ya tumbo huweza pia kuwa ishara ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo haitibiwi kwa projesteroni, na kuchelewa hospitali huweza kuua.

Watoto njiti

Tangu mwaka 2000 Hospitali ya KCMC mjini Moshi ina rejista ya uzazi iliyoanzishwa pamoja na Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe. Wakunga humhoji mama baada ya kujifungua. Rejista hiyo imeonyesha kwamba aliyewahi kuzaa njiti ana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuzaa njiti tena. Kwa hiyo mjamzito anayeanza kliniki, awe Marangu au Moshi mjini, ana sababu ya kutaja uzazi huo hata asipoulizwa.

Projesteroni ya kuweka ukeni hupunguza hatari hiyo kwa wenye mlango mfupi wa kizazi, usiozidi milimita 25 kwa ultrasaundi ya katikati ya ujauzito. Sindano ya kila wiki ya homoni inayofanana nayo iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2023, baada ya utafiti mkubwa zaidi kushindwa kuthibitisha manufaa yake. Isichanganywe na sindano ya miezi 3 ya uzazi wa mpango, ambayo huzuia mimba.