Kuiba Ishara: Ujanja au Wizi?

Ilikuwa mechi ya mbuzi. Waliokulia uswahilini Dar es Salaam wanajua ninachosema. Mitaa miwili inachanga pesa, mbuzi anafungwa kwenye mwembe pembeni ya uwanja, na anayeshinda anaondoka naye. Mimi nilikuwa beki wa mtaa wetu. Nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, chuo sina, nina daftari la hadithi ambazo hakuna aliyetaka kuzisoma.

Wapinzani wetu walipata kona saba siku ile. Mpigaji wao alikuwa mshikaji wangu wa tangu shule ya msingi. Kabla ya kupiga, alikuwa akitoa ishara. Akinyanyua mkono mmoja, mpira unakwenda mlingoti wa karibu. Akinyanyua yote miwili, unakwenda wa mbali. Akivuta soksi, anatoa pasi fupi. Nilizisoma zote. Kila mpira ulipotua, ulinikuta nimeshafika. Tulishinda bao moja kwa bila, na jioni kijiweni, nyama ikiwa motoni, jamaa wakanipa jina: Jicho. Nikaacha waniite hivyo.

Jina hilo lilinirudia mwishoni mwa mwaka 2023, pale binamu yangu aliponipigia simu kutoka Columbus, katika jimbo la Ohio, Marekani. Yeye huko ameshakuwa mwenyeji, na amekuwa mpenzi wa kufa wa timu ya chuo kikuu cha Ohio State, ambao watani wao wa jadi ni Michigan. Simba na Yanga ya kule, kwa kifupi. "Bwana wee," akaniambia, "hawa Michigan ni wezi! Wametuibia ishara!" Alisema kama mtu aliyevunjiwa nyumba.

Nikamuuliza, kwani kusoma ishara ya adui ni wizi? Si wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama? Tukabishana mpaka bando langu likakata. Tangu siku ile nimekuwa nikiifuatilia historia ya jambo hili, nami nimeona niwaandikie wenzangu, kwa sababu mwisho wake unatugusa hata sisi tunaotaka kuandika vitabu.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Mpira wa Marekani hautiririki kama huu wetu. Unachezwa kwa vipande. Timu yenye mpira, watu 11, ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani mita 9 na ushee. Kila jaribio ni pambano la sekunde chache, kisha watu wanajipanga upya. Kabla ya kila kipande, wote 11 lazima wajue nani anakimbilia wapi na mpira anapewa nani. Siku hizi mpango huo hutoka kwa kocha pembeni na kumfikia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi. Sasa fikiria wewe ni beki, na mpango umeshaujua kabla haujaanza. Ni sawa na kuingia kwenye mtihani ukiwa umeshaliona swali.

Historia, kwangu mimi, inaanzia kwa watu wasiosikia. Mjini Washington kuna chuo cha viziwi kiitwacho Gallaudet. Hati yake ya kutoa shahada ilitiwa saini na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864. Katika miaka ya 1890, kwotabeki wa chuo hicho alikuwa Paul Hubbard, naye kiziwi. Walipocheza na watu wanaosikia, Hubbard hakuwa na taabu. Alitoa maagizo kwa lugha ya alama, peupe kabisa, na wale wakabaki kumkodolea macho bila kuambulia kitu. Taabu ilikuja walipocheza na viziwi wenzao. Hao walimsoma kama gazeti.

Hubbard akafanya nini? Aliwakusanya wachezaji wake wakasimama duara, migongo nje, mikono katikati. Ndani ya duara hilo akatoa maagizo, na adui akaona migongo mitupu. Mamilioni ya watu wanaotazama mchezo ule leo wanaona duara hilo na kulizoea kama tulivyozoea goli kuwa na nyavu. Si wengi wanaojua kwamba lilitokana na viziwi waliokuwa wakiyakwepa macho ya viziwi wenzao.

Hapo naomba tutue kidogo, msomaji. Hubbard hakwenda kulalamika kwa refa. Aliyaona macho yanayomtazama, akayatafutia dawa. Wizi ule ulimlazimisha kubuni, na ubunifu wake ukaurithi mchezo mzima.

Turuke miaka hamsini. Zamani kocha hakuruhusiwa kuwaongoza wachezaji toka pembeni, mchezo ukishaanza ulikuwa mali yao. Ligi ya kulipwa, NFL, iliruhusu jambo hilo mwaka 1944. Hapo ndipo maneno yalipoanza kusafiri kutoka nje kwenda ndani ya uwanja, na kila neno linalosafiri linaweza kudakwa njiani. Kocha Paul Brown wa Cleveland hakutaka maneno yake yadakwe. Kwanza alitumia matarishi. Kila kipande alimwingiza mchezaji mmoja akiwa na ujumbe mdomoni na kumtoa mwingine. Mwaka 1956 akajaribu makubwa zaidi, akatia redio ndogo ndani ya helmeti ya kwotabeki wake, George Ratterman. Siri haikudumu. Wapinzani waligundua, na timu ya New York Giants ikadai kuwa imeyanasa mawasiliano hayo kwa redio yao wenyewe! Mwaka huohuo kamishna wa ligi, Bert Bell, akapiga marufuku redio. Watu wakarudi kwenye mikono, kofia na vidole.

Ikawa hivyo kwa miaka karibu arobaini. Kocha anagusa pua, anapapasa bega, anapiga paja, na upande wa pili yuko mtu na kalamu anaandika. Kila mtu alijua kuwa anasomwa. Basi wakaweka watu watatu wanaotoa ishara kwa pamoja, wawili kati yao wakidanganya. Kwenye vyuo wakaja hata na mabango makubwa yenye picha za ajabuajabu, vibonzo na nyuso za watu mashuhuri. Anayeficha akizidisha ujanja, anayesoma naye anazidisha. Mimi katika hayo sioni dhambi. Naona mchezo ndani ya mchezo.

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea. NFL iliruhusu tena redio katika helmeti ya kwotabeki, ikapunguza haja ya kupunga mikono. Na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kikakataza timu kutuma watu kwenye viwanja vya wengine kuwapeleleza wapinzani itakaokutana nao baadaye katika msimu. Sababu yake ilikuwa pesa. Chuo tajiri kinaweza kutuma wapelelezi nchi nzima, chuo maskini hakiwezi. Iweke akilini sababu hiyo, tutairudia.

Tarehe 9 Septemba 2007, timu ya New England Patriots ilikamatwa ikirekodi kwa video ishara za makocha wa New York Jets. Kocha Bill Belichick alitozwa faini ya dola 500,000, timu yake dola 250,000, na ikapoteza nafasi yake ya kuchagua mchezaji katika raundi ya kwanza mwaka uliofuata. Angalia vizuri, kosa halikuwa kuzitazama ishara. Kutazama kuliruhusiwa. Kosa lilikuwa kamera, na mahali iliposimama.

Sasa tufike Michigan, kwenye kilio cha binamu yangu. Oktoba 2023 ilibainika kuwa mfanyakazi wa timu hiyo, Connor Stalions, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi, alikuwa akinunua tiketi za mechi za timu nyingine na kuwapa watu wakakae jukwaani. Kazi yao ilikuwa kuwarekodi kwa simu makocha wanaotoa ishara. NCAA ilipotoa hukumu, Agosti 2025, ilihesabu zaidi ya mechi 50 zilizopelelezwa kwa misimu mitatu. Kocha mkuu, Jim Harbaugh, alikuwa ameshafungiwa mechi tatu Novemba 2023. Chuo kikapigwa faini ya mamilioni ya dola, na Stalions akafungiwa miaka minane.

Lakini watetezi wa Michigan wana hoja, na mimi sitaki kuificha. Wanasema: ishara hizo zinatolewa hadharani, mbele ya watu laki moja. Wanasema kila timu inaiba, na mikanda ya televisheni inaruhusiwa kuangaliwa na kila mtu. Tena Stalions alipokuwa ameshaondoka, na Harbaugh hayupo uwanjani, Michigan iliwafunga Ohio State 30 kwa 24, kisha Januari 2024 ikatwaa ubingwa. Binamu yangu akisikia matokeo hayo ananyamaza kwanza, halafu anaanza kutukana.

Hoja hiyo ilinisumbua sana. Kama ni hadharani, ni ya wote. Sasa kosa liko wapi? Nimelifikiria jambo hili nikiwa kwenye daladala, nikiwa kitandani, na jibu nimelipata kwa yuleyule Hubbard wa miaka ya 1890.

Hubbard aliweza kujitetea kwa sababu waliomsoma walikuwa mbele yake. Aliyaona macho yao. Duara lake lilikuwa jibu. Kocha wa mwaka 2022 ambaye mtu amekaa jukwaani, safu ya ishirini, anamrekodi mwezi mzima kabla ya mechi yao, angejibu nini? Kamera ya televisheni anaijua, na inawaonyesha wote kwa wote. Huyu wa jukwaani hamjui. Huwezi kufunga mlango usiojua kuwa umefunguliwa. Halafu kuna ile sababu ya mwaka 1994. Jicho kila mmoja amepewa bure. Tiketi za mechi 50 hununuliwa na mwenye pesa.

Kwa hiyo mimi nasema: kuiba ishara kuruhusiwe, lakini kwa jicho lako, uwanjani, siku ya mechi, mwenzako akikuona. Mtu wa kutumwa na kamera ya kujificha vikatazwe. Na hata huku kwenye kandanda yetu sheria imeelekea hukohuko. Januari 2019, Marcelo Bielsa wa Leeds United alimtuma mtu kuchungulia mazoezi ya Derby County. Alikiri mwenyewe, tena akasema amewachunguza wapinzani wote wa msimu ule. Leeds ikatozwa pauni 200,000, na ligi ikaweka kanuni kuwa hakuna kutazama mazoezi ya mpinzani ndani ya saa 72 kabla ya mechi. Nampenda Bielsa kwa kukiri. Kukiri ni kugumu, sasa nitawaonyesha.

Mtu anaweza kusema teknolojia imeshaumaliza ubishi. Ni kweli kwamba Aprili 2024 NCAA iliruhusu redio katika helmeti kwa vyuo vya daraja la juu. Lakini redio inafunga mlango mmoja tu. Swali la kipi ni changu kwa sababu nimekiona, na kipi si changu hata kama nimekiona, halifungwi na redio.

Sasa nirudi kwenye mechi ya mbuzi. Zile ishara za mshikaji wangu sikuzisoma uwanjani. Siku mbili kabla ya mechi nilikwenda kwao kuazima chaja. Alikuwa anaoga. Kitandani palikuwa na daftari, nikalifungua. Ndani alikuwa amechora kona zote, vijitu vya vijiti, mishale, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: mkono mmoja, mikono miwili, soksi. Nikalifunga, nikalirudisha lilivyokuwa, nikangoja chaja yangu.

Kama ningemtazama tu uwanjani, pengine kufikia kona ya nne ningekuwa nimezielewa. Naye angeona nimeelewa, akabadilisha, nami ningejaribu tena. Hiyo ingekuwa mechi. Hakubadilisha kitu mpaka filimbi ya mwisho, maana hakujua kuna cha kubadilisha. Alipokuja kunipa mkono aliniambia, "Leo ulicheza kama umeota." Kikulacho ki nguoni mwako, wala yeye hakujua.

Ndiyo maana nilisema jambo hili linatugusa sisi waandishi chipukizi. Tunaishi kwa kuiba ishara. Tunakaa kwenye daladala tunasikiliza mama anavyogombana na kondakta, tunakwenda nyumbani tunaandika. Sioni ubaya. Amesema kwa sauti, ametuona tumekaa, na angetaka angenyamaza. Lakini barua ya dada yako, simu ya rafiki uliyoishika akiwa bafuni, daftari lililo kitandani kwa mtu, hivyo si vyako, hata kama vina hadithi tamu kuliko zote ulizowahi kuandika. Mwenyewe hajapata nafasi ya kufanya duara. Nanyi wenzangu mkiona nimekosea, andikeni, tubishane humuhumu.

Jarida hili likitoka nitampelekea mshikaji wangu nakala. Atajua sikuota. Jina la Jicho nalirudisha. Mbuzi siwezi kumrudisha, tulishamla.