Tiba za Jikoni, sehemu ya 7: Mafuta ya bata bukini

Wiki iliyopita tulimaliza kitunguu, leo ni bata bukini. Wengi tunamjua kama mlinzi wa uani, yule anayemfukuza mgeni kwa kelele kuliko mbwa. Hata jina lake lina historia, maana Bukini ni jina la zamani la Kiswahili la Madagaska. Ila waliomla sana na kumfanya dawa ni watu wa Ulaya, kwa hiyo twende huko.

Wajerumani humla tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Martin. Waingereza walimla 29 Septemba, sikukuu ya Malaika Mikaeli, siku ya kulipa kodi ya mashamba, na wapangaji wengine walimpelekea mwenye shamba bata mzima. Krismasi pia ilikuwa yake kabla bata mzinga hajampokonya nafasi. London ya karne ya 19, watu wa kipato cha chini walikuwa na kitu kama vikoba vyetu: kila wiki unaweka hela kidogo, Disemba unapewa bata wako. Na kwa kuwa nyumba nyingi hazikuwa na oveni, walimpeleka kwa muoka mikate awaokee. Charles Dickens aliiweka familia ya namna hiyo kwenye kitabu chake cha Krismasi cha mwaka 1843.

Sasa mafuta. Jamani, huyu ndege ana mafuta! Unamtobolea ngozi, unamweka juu ya wavu, na bado itabidi umwage mafuta katikati ya kuoka. Hayakutupwa. Viazi viliokwa humo. Wayahudi wa Ulaya Mashariki, ambao hawali nguruwe wala hawachanganyi siagi na nyama, waliyategemea sana. Yaliyobaki yaliwekwa kwenye chupa kusubiri baridi.

Nilipokuwa natunza wazee kaskazini mwa Uingereza, bibi mmoja alinisimulia bila mimi kumuuliza. Mtoto akikohoa, mama yake aliyapasha mafuta yale, akampaka kifuani na mgongoni, akamfunika kwa kitambaa cha sufu au karatasi ya kaki, kisha akamvalisha fulana juu. Darasa zima lilinuka, alisema, kwa hiyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Mwingine alikumbuka kulishwa kijiko kizima, na uso ulimkunjamana kama bado kipo mdomoni.

Kwa nini bata na si ng'ombe? Mafuta ya ng'ombe huganda yakawa magumu, ya bata bukini hubaki laini, yanapakika. Kupaka hakukuwa na kosa kubwa, na mimi siwacheki. Mtoto alipata joto na mikono ya mama, na mafua mengi huisha yenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Ila mafuta hayapiti kwenye ngozi yakafika mapafuni.

Kijiko ndicho kinachonifanya niandike haya. Kwetu ni mafuta ya kondoo, samli, au matone ya mafuta puani kwa mtoto mchanga "kulainisha kifua". Nayaona wodini. Maji yakipalia, mtoto anakohoa. Mafuta hayamshtui, yanateleza kimya hadi mapafuni, na mapafu hayana namna ya kuyamaliza. Mwaka 1925 daktari Laughlen wa Kanada aliandika kuhusu mafuta aliyoyakuta kwenye mapafu ya wagonjwa waliofariki, wakiwemo watoto, baada ya kutiwa mafuta puani au kooni. Nimonia ya aina hii inasumbua sana, kwa sababu antibayotiki haiondoi mafuta.

Kwa hiyo bibi akija na chupa yake, mpe kifua na mgongo apake kidogo, mwambie shikamoo na asante, lakini mdomo na pua hapana. Mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi. Mwaka hadi miaka 5, 40 au zaidi. Ukifikia hapo, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, au amekataa kunyonya, mbebe uende kituo cha afya usiku huohuo. Na kama alishapewa mafuta, mwambie daktari. Hatukugombezi, tunahitaji kujua.